Tulivyoweka Mpaka kwenye Pesa za Farasi

Naandika haya kwa ajili ya mtu anayeishi na mpenda farasi. Mumeo, kakako au mwanao anaweka dau kwenye mbio za farasi, umemsihi aache, umelia, umemnunia, na dau bado linawekwa. Mimi nimepitia hayo hapa Nakuru. Baba watoto hajaacha. Lakini pesa za farasi sasa zina mfuko wake, karo ina mfuko wake, na mifuko hiyo haichanganyiki tena. Kufika hapo kulitugharimu pesa na amani ya nyumba, na mengi niliyojifunza njiani ningependa wewe uyapate kabla hujagharamika.

Mume wangu ni seremala, karakana yake iko Shabab. Mimi nashona sare za shule. Mapenzi yake kwa farasi hayakuanzia kwenye simu. Baba mkwe alikuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba moja upande wa Njoro, huko huko alikolelewa Beryl Markham, binti wa mfunzaji farasi, ambaye naye alikuja kuwafunza farasi wa mbio na mwaka 1936 akavuka Atlantiki kwa ndege akiwa peke yake. Mzee alimfundisha mwanawe kumsoma farasi: masikio yamekaa vipi, jasho la shingoni ni la joto au la hofu, mguu wa nyuma unatua wapi akitembea. Kwa hiyo walioniambia "mwambie aache tu" hawakujua wanachozungumzia. Kwake farasi ni kumbukumbu ya babake.

Shida ilikuja kufumuka Januari 2025. Januari ndio msimu wangu. Wazazi wanamiminika, na pesa za sare natenga mapema za kununulia vitambaa vya oda zinazofuata. Nilikuwa na 18,000 ndani ya kopo la nyuzi. Jumatatu nilipolifungua nikakuta nyuzi.

"Baba watoto, pesa za kitambaa ziko wapi?"

"Nitazirudisha Jumamosi, mama watoto."

"Jumamosi kuna nini?"

Akanyamaza. Nikajua Jumamosi kuna mbio.

Sitaki kueleza kwa urefu yaliyofuata. Nilichukua watoto nikalala kwa dada yangu Kiamunyi siku kadhaa. Aliyetupatanisha ni wifi yangu, dadake mkubwa, mama mpole asiye na maneno mengi. Hakumtukana ndugu yake wala hakuniambia nivumilie. Alisema jambo moja: "Kabla hamjagombana tena, tafuteni hesabu. Hapa hakuna anayejua ni pesa ngapi."

Na kweli hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Ukimuuliza, alikuwa anasema yuko "karibu sawa tu, ikizidi sana nimepoteza elfu tano." Mtu anayebeti hukumbuka siku aliyoshinda, na aliyoshindwa huyayusha kichwani.

Basi tukaomba taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Unaiomba kwenye simu yako mwenyewe, inakuja kwa barua pepe. Tukaichapisha kwenye saiba, tukaketi mezani watoto wakiwa wamelala, na wifi akachukua biro nyekundu. Kila pesa iliyoenda kwenye kampuni ya kubeti alipigia mstari, kila iliyorudi akaipigia duara. Kurasa zilijaa mistari. Miduara ulikuwa unaitafuta. Tulipojumlisha, zilizotoka zilikuwa 64,350, zilizorudi 21,900. Tofauti ni 42,450, wastani wa zaidi ya 7,000 kila mwezi, kwa nyumba ambayo mwezi mbaya haiingizi hata 30,000. Mume wangu alizishika zile karatasi mkononi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, lakini nilipomwona vile hasira ikanitoka.

Jambo la pili ndilo ninalotaka usilipite haraka. Taarifa ile inaonyesha saa. Wifi ndiye aliyeona kwanza. Kulikuwa na malipo mengi ya saa nane usiku, saa tisa usiku. Sasa, mume wangu hufuata mbio za Uingereza na za Afrika Kusini. Sisi tuko mbele ya Uingereza kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi, na Afrika Kusini tunaitangulia kwa saa moja tu. Mbio zao za mchana zinatukuta sisi alasiri na jioni. Saa nane usiku farasi hao wote wamelala.

"Hizi ni farasi gani?" wifi akamuuliza.

"Za kompyuta."

Zile ni katuni. Zinakimbia kila baada ya dakika chache, usiku na mchana, na nyuma yake hakuna mnyama, hakuna mvua iliyolainisha uwanja, hakuna joki. Kuna programu inayochagua namba. Ujuzi wote wa Njoro hauna kazi pale. Tulipotenga malipo kwa saa, tuliona kwamba zaidi ya nusu ya pesa iliyopotea haikuwa ya farasi wa kweli hata kidogo. Ilikuwa ya kujaza nafasi kati ya mbio moja na nyingine, na ya usiku akiwa anajaribu kurudisha za mchana. Kama unataka kuanza mahali na mtu wako, anzia kwenye saa. Mpenda farasi wa kweli hawezi kuutetea mchezo wa saa nane usiku, na mume wangu hakujaribu. Za kompyuta alizikata siku ile.

Zile 18,000 nazo tulizifuatilia. Alikuwa ameanza na dau la 200 kwa farasi anayepewa nafasi kubwa. Akashindwa, akaweka 400. Akashindwa, 800. Kisha 1,600, 3,200, na la sita 6,400. Madau sita, jumla 12,600. Zilizobaki, 5,400, zikaishia kwenye katuni usiku huo huo. Mantiki yake ilikuwa kwamba farasi wa kwanza atakayeshinda atarudisha zote. Nitarudi kwenye hesabu hiyo, maana imeharibu nyumba nyingi.

Kabla ya bajeti tulisimamisha kila kitu. Hakuna dau, miezi miwili. Alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, ambalo kila pesa ya mteja ikiingia inamezwa kabla hajaigusa, na mimi nilikuwa na deni kwa Mhindi wa vitambaa. Mtu mwenye deni hawezi kupanga bajeti ya kubeti, kwa sababu kila dau linageuka kuwa njia ya kulipa deni, na hapo akili haipo. Miezi ile miwili pia ilikuwa kipimo. Nilitaka kuona kama anaweza kukaa bila. Aliweza, kwa shida. Alikuwa mkali, hakulala vizuri wiki za mwanzo, lakini aliweza. Angeshindwa, au ningegundua anabeti kwa siri kwa laini nyingine, tusingeendelea na habari ya bajeti. Ningemsindikiza kwenye kliniki ya afya ya akili hospitalini na kumwomba afunge akaunti kabisa. Kampuni nyingi zinakuruhusu ujifungie mwenyewe kwa muda au moja kwa moja, ukiomba. Kwa mtu anayeiba, anayedanganya, anayekopa ili abeti, kuacha ndiyo dawa, na mipango ya dau nitakayoeleza hapa haimfai. Tafadhali usiitumie kumbembeleza mtu wa hivyo.

Machi tukaketi tena. Tuliandika kwanza vya lazima: kodi ya nyumba, chakula, karo, mbao na vanishi za karakana, vitambaa vyangu, bima ya afya ya SHA, chama, dawa za mama mkwe. Mapato ya jua kali hayatabiriki, kwa hiyo tulitumia mwezi mbaya kama kipimo, si mwezi mzuri. Kilichobaki kilikuwa kidogo. Kutoka hapo kila mmoja alipata pesa ya starehe asiyoulizwa. Yake ilikuwa 2,000. Alichagua 1,500 ziende kwa farasi na 500 zibaki za nyama choma na soda. Zangu siwaambii zinakwenda wapi.

Akaunti ya kubeti tuliihamishia kwenye laini yake ya pili, ambayo haina Fuliza. Jambo dogo hilo limetusaidia kuliko kiapo chochote. Pesa zikiisha kwenye laini ile, zimeisha. Hakuna mkopo unaojitokeza wenyewe. Na anaweka kwa wiki, 375, badala ya kumwaga zote tarehe moja.

Kisha ukubwa wa dau. Hapa ndipo tulipovutana zaidi. Mimi nilisema 1,500 igawanywe mara hamsini, dau moja liwe shilingi thelathini.

"Thelathini? Mama watoto, thelathini hata karanga hainunui."

Nikamwomba anieleze farasi wanaopewa nafasi kubwa zaidi hushinda mara ngapi. Alijua: takribani mbio moja kati ya tatu. Basi wanashindwa mara mbili kati ya tatu. Nikachukua kikokotoo. Mbili ya tatu, mara mbili ya tatu, hivyo mara tano: inakuja kama 13 kwa 100. Maana yake ukichukua mbio tano mfululizo, kuna nafasi 13 katika 100 kwamba farasi wako wote watano wanaopendwa na wengi watashindwa. Si bahati mbaya ya ajabu, ni jambo la kawaida ambalo litakukuta mara kadhaa kwa mwaka. Na hao ndio walio salama zaidi. Ukipenda farasi wa odi ya 6.00 (odi ni namba inayozidishwa na dau lako farasi akishinda), ambaye tuseme anashinda mara moja kati ya sita, kushindwa mara kumi mfululizo kuna nafasi 16 katika 100.

Sasa rudi kwenye kuongeza dau maradufu. Ukiwa na mfuko wa 1,500 na ukaanza na 30: 30, 60, 120, 240, 480. Madau matano yakishindwa umetumia 930, na la sita linataka 960 wakati mfukoni una 570. Umefika mwisho, na ungali unafukuzia faida ya shilingi chache. Farasi wa sita hajui kwamba watano wa kwanza wameshindwa. Mbio inaanza upya. Kilichobadilika ni hofu yako na ukubwa wa pesa unayohatarisha. Mume wangu alinyamaza, akaandika 30 kwenye daftari, na hadi leo ni 30, akiwa ameshinda au ameshindwa.

Kuna kitu kingine ambacho sikukijua, na yeye alikijua nusu. Odi zenyewe zimekatwa kabla hujaanza. Chukua mbio ya farasi sita wenye odi hizi: 2.75, 4.00, 5.00, 7.00, 11.00 na 13.00. Gawa 100 kwa kila moja: 36.4, 25, 20, 14.3, 9.1, 7.7. Jumlisha. Kama mchezo ungekuwa sawa bin sawa ungepata 100. Unapata zaidi ya 112. Hizo 12 za juu ndizo mkate wa kampuni. Kwa odi hizo, mtu anayeweka dau bila kujua zaidi ya soko anarudishiwa wastani wa shilingi 89 kwa kila 100, na hiyo ni kabla ya serikali. Fanya hesabu hii kwa mbio yoyote kabla hujaweka hata shilingi. Farasi wakiwa wengi, jumla mara nyingi hupanda zaidi. Mume wangu sasa akikuta imepita 120 anaiacha mbio.

Serikali nayo ina lake. Mwaka 2023 ushuru wa dau ulipanda hadi asilimia 12.5, mwishoni mwa Desemba 2024 ukawa 15, tena ulikuwa unatozwa kwenye dau lenyewe, na ushindi ulikuwa unakatwa asilimia 20. Sheria ya Fedha ya 2025 ilibadilisha mtindo kuanzia Julai: asilimia 5 ya pesa unayoingiza kwenye akaunti, na asilimia 5 ya unayoitoa. Nafuu, lakini ona maana yake. Mtu anayeingiza na kutoa, kuingiza na kutoa, analipa kila mara mlango unapofunguka. Sisi anaingiza kwa wiki na kutoa mwisho wa mwezi, mara moja, chochote kilichozidi 1,500. Wengine wangesema ziache zilale humo usikatwe. Mimi nasema lipa hiyo 5. Pesa iliyolala kwenye akaunti ya kubeti si yako bado.

Aprili 5, 2025 ilikuwa Jumamosi ya Grand National kule Aintree, karibu na Liverpool. Ndiyo mbio anayoisubiri mwaka mzima: farasi 34 (walikuwa 40 hadi mwaka 2023), viunzi 30 vya kuruka, karibu kilomita saba. Ndiyo siku tuliyochagua kuanza tena. Huku kwetu ilianza saa kumi na mbili jioni, na kwa mara ya kwanza nilienda naye kwenye duka la kubeti mjini, nikaketi kwenye benchi na kibeti changu mapajani, wanaume wote wakinitazama.

Alimchagua I Am Maximus, mshindi wa mwaka uliotangulia, odi ya 8.00. Lakini hakuweka 30 zote ashinde. Aligawa: 15 farasi ashinde, 15 aingie nafasi za juu. Kwa mbio za vipimo vya uzito, yaani zile ambazo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi, zikiwa na farasi 16 au zaidi, kanuni ya kawaida ni nafasi nne, na sehemu hiyo inalipwa kwa robo ya odi. I Am Maximus alikuja wa pili. Zile 15 za ushindi zikaenda. Zile za nafasi zililipwa hivi: odi ya 8.00 ukitoa moja ya dau lenyewe ni saba, saba kugawa kwa nne ni 1.75, rudisha ile moja, 2.75, mara 15, shilingi 41.25 kabla ya makato ya serikali. Dau la 30 limerudi na faida ya 11.25. Alifurahi kama aliyepata elfu kumi.

Kugawa dau hivyo kuna mtego wake, na ameujifunza kwa kuandika. Kwa mbio za kawaida zenye farasi wanane au zaidi, nafasi ni tatu na malipo ni moja ya tano ya odi. Farasi wa odi 11.00 akimaliza wa tatu, 15 zako zinakuwa 45, umefaidi 15. Lakini farasi wa odi 2.50 akimaliza wa pili, sehemu ya nafasi inalipa 1.30 tu: 15 zinakuwa 19.50. Ulitoa 30. Farasi wako "ameingia" na umepoteza 10.50, huku roho ikikwambia umeshinda. Kwa farasi wa odi ndogo usigawe. Na farasi akiondolewa dakika za mwisho wakati wewe umeshaweka dau kwa mwingine, malipo yako hupunguzwa kwa kiwango kinachotegemea odi ya aliyeondolewa. Mume wangu aliwahi kudhani ameibiwa, kumbe ni kanuni.

Mshindi siku ile alikuwa Nick Rockett, odi ya 34.00, akipandwa na Patrick Mullins na kufunzwa na babake, Willie Mullins. Mzee yule alilia mbele ya kamera. Mume wangu alimtazama akasema, "Babangu angependa kuona hii." Hapo nilielewa kitu ambacho miaka yote ya ndoa sikuwa nimekielewa.

Lakini sikiliza yaliyofuata mle dukani. Kijana mmoja nyuma yetu: "Mzee, ungetia ngiri kwa huyo ungetoka na thelathini na nne!" Na kila mtu akaanza kuhesabu pesa ambazo angepata. Mazungumzo hayo ya baada ya mbio ni hatari kuliko mbio yenyewe. Hakuna aliyetaja farasi wengine 33. Nilimshika mkono tukatoka. Tangu siku hiyo ana desturi: mbio yake ya mwisho kwenye orodha ikiisha, anaondoka.

Orodha yenyewe huandikwa asubuhi. Jumamosi kunaweza kuwa na mbio nyingi mno katika viwanja kadhaa, na ukifuata zote utajikuta kwenye ile hali ya Januari. Anasoma kwa utulivu akinywa chai, anachagua chache, anaandika kwenye daftari. Isiyo kwenye orodha haichezwi, hata awe farasi gani. Daftari lina safu za tarehe, uwanja, farasi, odi, dau, matokeo, na safu ya "kwa nini". Hiyo ya mwisho niliidai mimi. Alikuwa anaipuuza akiandika "mzuri". Nikamkatalia. Sasa anaandika "anapenda uwanja laini, mvua imenyesha" au "amepunguziwa uzito". Tulipopitia miezi ya mwanzo tukakuta madau aliyoandikia sababu dhaifu, kama "joki maarufu" au "nilimwona zamani", karibu yote yalishindwa. Hakuna aliyemgombeza. Aliyaona mwenyewe kwa maandishi yake na akaacha.

Kati kati ya mwaka rafiki yake mmoja wa karakana ya jirani alikuja na fomula aliyoipata kwenye mtandao, ya kukokotoa dau. Ni ya kweli. Ilitungwa na John Kelly wa maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1956. Inasema ukijua nafasi halisi ya farasi, unaweza kujua sehemu ya mfuko ya kuweka. Tuliijaribu kwenye karatasi. Odi 4.00, wewe unaamini farasi ana nafasi 30 katika 100: fomula inakwambia weka karibu asilimia 6.7 ya mfuko, kama 100 kati ya 1,500. Lakini kama nafasi yake halisi ni 25, fomula hiyo hiyo inakwambia usiweke kitu. Na nani katika Shabab anaweza kutofautisha 30 na 25 akimwona farasi sekunde chache kwenye runinga? Kosa dogo la makadirio linakufanya uweke mara tatu ya dau letu kwenye farasi asiyestahili hata senti. Tulibaki na 30. Dau lisilobadilika halina ufundi, lakini pia halimpi mtu nafasi ya kujidanganya.

Baadaye mwaka huo tulikwenda Nairobi, kwenye uwanja wa mbio wa Ngong wa Jockey Club ya Kenya. Nauli tulitoa kwenye mfuko ule ule wa farasi, tulikubaliana hivyo, kwa hiyo mwezi huo simuni hakukuwa na dau. Watoto walikuwa hawajawahi kumwona farasi wa mbio kwa karibu. Baba yao aliegemea ua wa mahali farasi wanapozungushwa kabla ya mbio, akawaonyesha masikio, jasho, mguu wa nyuma, vile alivyoonyeshwa. Bintiye mkubwa alichagua wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni, akashinda. Hakuna aliyeweka dau kwa huyo. Watoto walipiga kelele hadi sauti zikawakauka. Njiani kwenye matatu baba watoto aliniambia kwamba hiyo ndiyo siku bora ya farasi aliyopata tangu mzee afariki. Tukapanga iwe kila mwaka, ilipiwe vivyo hivyo na pesa za farasi za mwezi huo.

Tulifunga hesabu mwezi Desemba. Kuanzia Aprili, ukiondoa mwezi wa Ngong, aliingiza 12,000, zikarudi 8,130 baada ya makato yote. Amepoteza 3,870. Wewe usitegemee kupata faida kwa mpango huu. Sisi hatujapata, na odi nilizokuonyesha zinaeleza kwa nini. Lakini mwaka uliotangulia tulikuwa tunapoteza kiasi hicho kwa wiki mbili na siku chache.

Desemba pia kazi ya karakana ilikuwa nzuri, vitanda vilitoka sana, na akaja na ombi: mfuko upande uwe 3,000 kuanzia Januari, kwa sababu mbio kubwa za Cheltenham, Uingereza, ni Machi na za Aintree ni Aprili. Nilimwambia tupige kwanza hesabu ya mwezi mbaya, kama tulivyofanya mwanzo. Tukapiga. Karo imepanda, mtoto wa pili anaingia sekondari ya chini. Ikabaki 1,500. Aliguna, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika mwezi na kiasi juu yake, kisha akaniuliza kama yale masazo ya kitambaa cha kijani bado yapo, anataka nimshonee jalada.